Mficha Uchi Hazai: Tasfida na Maswali ya Utafiti wa Kichocho

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii hufunzwa madarasani kama onyo kwa mtu anayeficha shida yake ilhali wapo wa kumfaa. Ni nadra wanafunzi kukumbushwa kwamba imejengwa juu ya mwili, juu ya uchi na uzazi, mambo ambayo lugha ya heshima huyazungukia kwa mbali. Hata hivyo, kuna uwanja mmoja ambamo methali hii si sitiari tena. Uwanja huo ni utafiti wa kitabibu kuhusu maradhi ya mkojo ya watoto na afya ya uzazi. Humo, mtoto asiyeulizwa kwa neno analolielewa huenda asitibiwe, na msichana asiyetibiwa huenda kweli asizae.

Ni desturi kudhani kwamba utafiti wa aina hiyo ni wa madaktari pekee, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana la kuchangia ila kuomba tiba akiugua. Dhana hii haina mashiko. Kabla ya daktari kupima mkojo, kuna mtu aliyeuliza swali. Kabla ya swali, kuna mtu aliyeliandika, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki swali hilo huulizwa kwa Kiswahili. Hojaji na fomu za ridhaa ni matini za Kiswahili. Kosa la uteuzi wa msamiati katika shairi huharibu shairi. Kosa kama hilo katika hojaji ya afya huweza kumwacha mgonjwa nje ya hesabu.

Mfano bora unatoka Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, watafiti walitaka kujua ni shule zipi zilizokuwa na watoto wengi wenye kichocho cha mkojo. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuwapeleka wataalamu katika kila shule, kupokea mkojo wa watoto na kuuchunguza. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi na muda mrefu. Basi ikajaribiwa njia nyingine. Walimu walipewa hojaji fupi za kuwauliza wanafunzi wao kuhusu dalili na magonjwa kadhaa, kukojoa damu na kichocho vikiwa miongoni mwa hayo. Majibu ya watoto yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, yalikaribiana kiasi cha kuwezesha shule zilizoathirika zaidi kutambuliwa kwa gharama ndogo sana. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa katika nchi nyingine kadhaa za Afrika.

Wataalamu wa afya huutaja utafiti huo kama ushindi wa mbinu nafuu. Mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuona pia ushindi wa neno. Kiswahili kina jina la ugonjwa huo, jina fupi lisilo tusi wala fumbo, ambalo mtoto amelisikia mtoni na nyumbani kabla ya kulisikia darasani. Mwalimu wa Kilosa hakulazimika kumweleza mwanafunzi mnyoo anayeishi katika mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Alitaja kichocho, akaeleweka. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto wa Kwale au Tana River, maeneo ya pwani ya Kenya ambako maradhi haya yanajulikana tangu zamani.

Si kila swali lina bahati hiyo. Kiswahili ni lugha yenye utajiri wa tasfida, na tasfida ni pambo la adabu. Mtu hakojoi mbele za watu, huenda haja ndogo. Hataji viungo vya uzazi, husema sehemu za siri. Hakuna anayetaka lugha hii ivuliwe staha yake katika mazungumzo ya wakwe na wazee. Tatizo huanza pale tasfida inapohamishwa kutoka barazani hadi katika hojaji bila kupimwa. Swali kama, "Je, unapata taabu unapokwenda haja?" halimwelezi mtoto ni haja ipi. Jibu lake la "ndiyo" laweza kuhusu tumbo la kuhara, na la "hapana" laweza kuficha maumivu ya kukojoa.

Madhara huzidi anapoulizwa msichana. Chukua swali, "Je, umewahi kutokwa na damu sehemu za siri?" Katika maneno hayo matatu, sehemu za siri, njia ya mkojo na uke vimefungwa katika furushi moja. Msichana aliyeanza hedhi atajibu kuhusu hedhi, au atanyamaza kwa haya. Damu ya kichocho, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, itapotelea humo. Aliyeandika swali hilo atajipongeza kwa kutomvunjia mtoto heshima, ilhali amemnyima nafasi ya kusikika. Lau angeuliza, "Je, mkojo wako umewahi kuwa mwekundu au kuwa na damu siku ambazo hukuwa katika hedhi?" asingekuwa amemtukana mtu yeyote.

Kwamba jambo hili si la mchezo huthibitishwa na maarifa ya miaka ya karibuni kuhusu kichocho cha viungo vya uzazi vya wanawake. Si mayai yote ya mnyoo huyo yanayotoka na mkojo. Baadhi hunasa katika uke, katika mlango wa kizazi na hata katika mirija ya uzazi. Huko huleta vidonda, uchafu, maumivu na damu baada ya kujamiiana, na huweza kusababisha utasa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wa Afrika kusini mwa Sahara wana hali hiyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kuwasaidia wahudumu wa afya kuitambua, kwa sababu wengi walikuwa wakiiona na kuiita jina jingine.

Jina hilo jingine ndilo linalowahusu wanakiswahili moja kwa moja. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ambayo mabango ya afya yamezoea kuyaita magonjwa ya zinaa. Zinaa, kwa kila msemaji wa Kiswahili, ni dhambi ya kujamiiana nje ya ndoa. Neno hilo halielezi namna ugonjwa unavyoambukizwa tu, bali pia hutoa hukumu. Msichana aliyepata kichocho kwa kuchota maji, kufua au kuogelea mtoni akiwa na umri wa miaka minane, anapofika kliniki akiwa na miaka kumi na sita huambiwa, kwa jina lenyewe la ugonjwa anaodhaniwa kuwa nao, kwamba amezini. Atamwambia nani nyumbani? Na akiitwa kushiriki katika utafiti kuhusu magonjwa ya zinaa, kwa nini aende na kujitia katika orodha ya wazinzi?

Hata asiye na kichocho hudhulumiwa na jina hilo. Mke aliyeambukizwa na mumewe hakuzini. Mtoto mchanga aliyepata kisonono cha macho wakati wa kuzaliwa hakuzini. Kusema "magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana" ni kurefusha maneno, lakini ni kurefusha kunakoacha hukumu kwa wanaohusika nayo.

Upande wa pili wa tasfida ni neno linalochoma. Kiswahili kinamwita mtoto anayelowesha kitanda kikojozi. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mambo mawili humo. Kwanza, kiambishi ki- kinamweka mtoto huyo pamoja na kiziwi, kipofu na kiwete, kundi la majina ambalo limewatia mashaka wanaisimu wengi. Pili, umbo la mtendaji linadai kwamba kukojoa kitandani ni kazi yake, kama vile mchokozi ni mwenye kazi ya kuchokoza. Sarufi imemfanya mtenda, ilhali ni mtendwa.

Utafiti wa kitabibu unasema hivyo hasa. Mtoto wa miaka mitano na zaidi anayekojoa usingizini huwa hatendi kusudi wala kwa uvivu. Huenda mwili wake unatengeneza mkojo mwingi mno usiku, huenda kibofu chake kinahimili kiasi kidogo, na usingizi wake hauvunjwi na kibofu kinapojaa. Hali hii hurithiwa mara nyingi. Kati ya watoto wa miaka saba, takriban 5 hadi 10 katika kila 100 wangali wanaloweka usiku, na kila mwaka kadiri ya 15 katika kila 100 wa hao huacha bila tiba yoyote. Mtoto ambaye godoro lake limeanikwa uani ili wenzake walitazame anaadhibiwa kwa jambo lililomtokea akiwa amelala.

Inafaa kutaja kwamba madaktari wenyewe walilazimika kuketi na kusawazisha istilahi za jambo hili. Mwaka 2006 chama cha kimataifa kinachoshughulikia matatizo ya watoto ya kuzuia mkojo kilichapisha mapendekezo ya istilahi sanifu, na baadaye yakarekebishwa. Sababu ilikuwa wazi: watafiti waliokuwa wakitumia neno moja kwa maana tofauti hawangeweza kulinganisha matokeo yao. Ikiwa wataalamu wanaotumia Kiingereza waliona haja hiyo, Kiswahili kina haja maradufu. Mtoto akiulizwa, "Je, wewe ni kikojozi?" atakana. Akiambiwa kwamba watoto wengine huamka na kukuta kitanda kimelowa, kisha akaulizwa kama limemtokea mwezi huo, yamkini atasema kweli.

Kuna neno jingine linalodai uangalifu. Katika fomu za utafiti, idhini na ridhaa hutumiwa kana kwamba ni visawe. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, ridhaa ni kukubali kwa moyo. Tofauti hii ni hazina. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, sasa linataka mtoto anayeweza kufahamu aombwe kukubali, mbali na ruhusa ya mzazi. Kiswahili kina maneno yake tayari: mzazi atoe idhini, mtoto atoe ridhaa. Suala hili si la nadharia tupu. Majaribio ya dawa ya kichocho iliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na mwezi Desemba 2023 dawa hiyo ikapata maoni ya kuikubali kutoka kwa mamlaka ya dawa ya Ulaya. Mtoto wa miezi mitatu hana la kusema, lakini wa miaka sita ana lake, na anastahili kuambiwa kwa lugha anayoifahamu kwa nini mkojo wake unatakiwa.

Wapo watakaopinga kwamba kutaja mambo haya waziwazi ni kuvunja mila. Pingamizi hili linasahau mila zenyewe. Katika jando na unyago, makungwi hawakuwafunza wari kwa mafumbo pekee. Katika pwani, somo alimweleza mwali wake mambo ya mwili bila kuficha, na hakuna aliyemwita mtovu wa adabu. Mila ilijua mahali pa tasfida na mahali pa uwazi. Mtafiti anayemhoji mtoto faraghani, kwa idhini ya mzazi, anaketi mahali pa uwazi.

Wengine watasema kwamba fomu hizo hukaguliwa tayari, kwa kutafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha kurejeshwa katika Kiingereza na mtu mwingine ili kuona kama maana imebaki. Ukaguzi huo ni mzuri, ila una upofu wake. Neno kikojozi litarejea salama katika Kiingereza, na zinaa vilevile. Sehemu za siri zitarejea bila doa. Tafsiri rejeshi hupima maana ya kamusini. Haipimi haya, wala hukumu, wala kicheko cha wenzake mtoto. Hivyo hupimwa na mtu aliyefunzwa kusikiliza lugha jinsi inavyotumiwa na watu, na huyo ndiye ambaye idara za Kiswahili hudai kumfunza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo haupaswi kuishia katika hotuba na mitihani. Idara za Kiswahili zingeweza kuanza kwa hatua ndogo: kuzitia hojaji na fomu za ridhaa katika mafunzo ya tafsiri na isimujamii, kuwahimiza wanafunzi wa uzamili kuzifanya mada ya tasnifu, na kujitolea kuzisoma pamoja na wenzao wa vitivo vya tiba kabla hazijapelekwa kwa kamati za maadili. Kazi hiyo haitaleta sifa kama ya diwani au riwaya. Lakini siku msichana wa Kwale atakapoulizwa swali lililonyooka na kujibu bila kuinamisha uso, atakuwa ametibiwa na dawa na Kiswahili kwa pamoja.