Uganda na Suala la Kukabidhiana Madaraka

Mwezi Januari 2026 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitimiza miaka 40 madarakani. Mwezi huo huo wananchi wa nchi hiyo walipiga kura, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza kuwa mshindi wa muhula wa saba. Mpinzani wake mkuu aliyakataa matokeo hayo. Hesabu za kura tunawaachia wanasiasa. Sisi tulio katika vyombo vya ulinzi na usalama tunalo swali letu: siku kiongozi huyo atakapoondoka, kwa hiari yake, kwa kura au kwa kudra ya Mungu, bunduki za Uganda zitamtii nani?

Hatuulizi kwa nia ya kuingilia mambo ya ndani ya jirani. Twauliza kwa kuwa swali hilo lilikwisha kutugharimu damu. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi letu, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliikomboa Kampala. Wengi wa rika letu hatukuwamo katika vita hivyo. Tulivisoma tukiwa makadeti. Lakini makaburi ya mashujaa pale Kaboya yanatosha kumkumbusha kila askari kwamba ugomvi wa kugombea dola katika nchi moja hauishii mpakani.

Tangu Uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, Uganda haijapata kumwona Rais aliyechaguliwa akimkabidhi nchi Rais mwingine aliyechaguliwa. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha Katiba, na askari wakalishambulia kasri la Kabaka Mutesa, aliyekuwa Rais. Mwaka 1971 Amin, aliyeongoza shambulio lile, akampindua Obote mwenyewe. Baada ya ukombozi, Profesa Yusuf Lule alidumu siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, Museveni akaukataa na kuingia msituni Februari 1981. Julai 1985 majenerali wakampindua Obote kwa mara ya pili, na Januari 1986 wapiganaji wa NRA wakauteka mji mkuu.

Mzizi wa mambo hayo ni wa zamani. Januari 1964, katika muda wa wiki moja, askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na kila serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Sisi tulilivunja jeshi lile la kikoloni na kuunda jipya lenye misingi ya kizalendo. Uganda ilikubali madai makubwa ya waasi, ikapandisha mishahara na kuendelea na jeshi lile lile. Askari wakajifunza kwamba serikali hutikisika pindi wao wakitikisa silaha. Miaka saba baadaye waliipindua.

Haki yatudai tuseme pia kwamba utawala wa mwaka 1986 ulikuta jeshi lililokuwa tishio kwa raia, ukajitahidi kulitia nidhamu. Katiba ya mwaka 1995 inaagiza kwamba jeshi lisifungamane na upande wowote wa siasa, liwe la taifa zima, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Katiba hiyo hiyo iliweka ukomo wa mihula miwili ya Urais na kikomo cha umri wa miaka 75. Iwapo Rais atafariki au kujiuzulu, Makamu wake ndiye anayeshika nafasi.

Lakini ukomo wa mihula uliondolewa mwaka 2005, na kikomo cha umri mwaka 2017. Katika mjadala wa mwaka 2017 watu wa usalama waliingia katika ukumbi wa Bunge na kuwatoa baadhi ya wabunge kwa nguvu. Novemba 2020, katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mgombea mmoja, watu zaidi ya 50 waliuawa. Jeshi lenyewe lina viti 10 Bungeni, na Mkuu wa Majeshi aliyeteuliwa Machi 2024, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, ni mtoto wa Rais. Kwa hali hiyo askari wa Uganda anaweza kushindwa kutenganisha utii kwa Katiba, utii kwa chama na utii kwa jamaa ya kiongozi.

Je, yawezekana kuvuka salama? Majirani wawili wanatupa mafunzo. Nchini Kenya, mwaka 1976, kundi la wanasiasa lilitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asirithi kiti moja kwa moja. Halikufanikiwa. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Daniel arap Moi aliapishwa siku ile ile, na majeshi yakabaki kambini. Moi naye alimkabidhi Mwai Kibaki Desemba 2002, ingawa mgombea aliyemtaka yeye alikuwa ameshindwa.

Malawi mambo yalikuwa magumu zaidi. Kamuzu Banda, Rais wa Maisha tangu 1971, alikuwa na kikosi cha vijana wenye silaha kilichokitumikia chama chake. Desemba 1993 jeshi lilikinyang'anya silaha kikosi hicho. Wanajeshi wangeweza kuendelea hadi Ikulu. Hawakufanya hivyo, Mei 1994 wananchi walipiga kura, Banda akashindwa na kukubali.

Kwa Uganda, twaona tumaini na hofu pamoja. Tumaini lipo katika njia ya kisheria ambayo bado imo ndani ya Katiba, na katika maafisa waliosoma na kutumikia Somalia tangu 2007, wanaojua gharama ya dola kuvunjika. Hofu ni kwamba hakuna tarehe wala desturi. Waganda walio wengi wamezaliwa baada ya 1986 na hawajamwona Rais mwingine. Makabidhiano ya kwanza wataongozwa na vyombo vya dola ambavyo navyo havijapata kuyafanya. Kadiri kiongozi anavyochelewa kuyaandaa akiwa hai na mwenye nguvu, ndivyo uamuzi unavyosogea kutoka Bungeni kuelekea kambini.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hatari ya Uganda itakuwa katika saa za kwanza baada ya kiti kuwa wazi, wakati amri mbili zinazopingana zinapoweza kumfikia askari mmoja aliye lindoni. Atakayemwokoa ni yule aliyemfundisha mapema, akiwa kuruta, kwamba kiapo chake ni kwa Katiba. Kila kamanda na kila mkuu wa kituo cha polisi anayesoma makala hii ajiulize kama vijana walio chini yake wamekwisha kufundishwa jambo hilo.