Jela Humwachilia Mtu, Jina Likabaki Kifungoni

Wahenga walinena kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa Amanda Knox, mwanafunzi wa Kimarekani aliyekwenda mjini Perugia, Italia, mwaka wa 2007, kamba hiyo ilisokotwa kwa maneno. Alikuwa na umri wa miaka 20, na Kiitaliano chake kilikuwa kingali kichanga.

Mnamo Novemba 1 mwaka huo, Meredith Kercher, mwanafunzi Mwingereza aliyeishi naye nyumba moja, aliuawa kikatili. Polisi walipoipekua simu ya Knox, walikuta ujumbe aliompelekea mwajiri wake, Patrick Lumumba, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa na baa mjini humo. Lumumba alikuwa amemwarifu kwamba usiku ule hakuhitajika kazini. Knox alimjibu kwa kufasiri neno kwa neno maagano ya Kiingereza, ambayo Mswahili angeyasema hivi: tutaonana baadaye, jioni njema.

Mwanafunzi yeyote wa isimu atatambua kosa lililofuata. Mtu akikuambia "tutaonana" mnapoachana njiani, hakuwekei miadi, anakuaga tu. Polisi waliyachukua maagano hayo kuwa ni miadi. Baada ya kuhojiwa usiku kucha bila wakili, Knox alitia saini taarifa iliyomtaja Lumumba kuwa ndiye muuaji. Lumumba alizuiliwa kwa muda wa wiki mbili hivi, hadi ilipothibitika kuwa usiku wa mauaji alikuwa katika baa yake.

Safari ya Knox ilikuwa ndefu zaidi. Mnamo Desemba 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 26. Oktoba 2011 aliachiliwa, akiwa ameonja jela kwa karibu miaka minne. Uamuzi huo ukabatilishwa mwaka wa 2013, naye akapatikana na hatia tena mwaka wa 2014. Hatimaye, Machi 2015, mahakama ya juu ya Italia ilimwondolea kabisa hatia ya mauaji. Mtu mwingine, Rudy Guede, alikuwa ameshahukumiwa kwa mauaji hayo tangu mwaka wa 2008.

Je, huo ndio uliokuwa mwisho wa kifungo? La hasha! Hakimu hutamka "hana hatia" kwa sentensi moja, ilhali magazeti yamekwisha kumwita mtu muuaji kwa zaidi ya miaka saba. Knox alirejea Seattle, akakamilisha shahada yake, akaandika vitabu viwili, cha kwanza mwaka wa 2013 na cha pili mwaka wa 2025, na akajitolea kuwatetea waliofungwa bila hatia. Mwaka wa 2019 alirudi Italia kuhutubia mkutano mjini Modena, na mwaka wa 2022 akaonana ana kwa ana na Giuliano Mignini, yule yule aliyemwendeshea mashtaka. Kwa maoni yangu, hizo zote ni juhudi za mtu anayelitafuta jina lake, naye halipati isipokuwa kwa kusema na kusema tena.

Mnamo Januari 2019, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa Italia ilikiuka haki zake kwa kumnyima wakili na mkalimani wa kutegemewa. Aliyewekwa kumfasiria alikuwa mtumishi wa polisi, naye aliuacha ukalimani akajifanya msuluhishi na mshauri. Hata hivyo, hatia ya kumsingizia Lumumba haikufutika. Mahakama ya juu ya Italia iliithibitisha Januari 2025.

Hapa msomaji asifanye haraka kuegemea upande mmoja. Anayemlilia Knox na kumsahau Lumumba ameisoma nusu ya kadhia. Lumumba naye alikuwa mgeni aliyefungwa bila kosa, na biashara yake ilikufa. Ulimi hauna mfupa, lakini ulivunja maisha ya watu wawili. Kumbe mtu aweza kudhulumiwa na papo hapo akawa chombo cha kumdhulumu mwenziwe!

Yanatuhusu nini haya? Vijana wetu wanavuka bahari kila siku kwenda kusoma na kutafuta riziki, na wengi huzifahamu lugha za wenyeji nusu nusu. Hapa nyumbani, Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo ni njema, ila haitamfaa mtu ikiwa mkalimani mwenyewe anajua msamiati asijue matumizi. Isitoshe, mkalimani anahitajika tangu saa ya kwanza ya mahojiano. Akisubiriwa hadi siku ya kusomewa mashtaka, huenda taarifa imekwisha kutiwa saini.

Walimu wenzangu, tunapowakosoa wanafunzi kwa kutafsiri neno kwa neno, tusiwaambie tu kwamba watapoteza alama mtihanini. Tuwaeleze pia kuwa kuna binti aliyeaga kwa lugha ya ugenini, na maagano yake yakageuzwa ushahidi. Mlango wa jela hufunguliwa kwa ufunguo, bali jina lililochafuliwa kwa maneno halina budi kusafishwa kwa maneno. Tuwaandae watakaoifanya kazi hiyo.