Hita si anasa, waulizeni wa Lushoto

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuzungumzie mipira miwili ya maji. Ni ile iliyo chini ya boneti, mmoja unapeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye hita, mwingine unayarudisha. Ukinunua Land Rover au Land Cruiser ya zamani hapa Bongo, usishangae ukikuta hita imerukwa: maji yanatoka kwenye injini na kurudi hapo hapo. Ukimuuliza fundi, jibu unalijua: "Bosi, hita ya nini na joto hili?"

Kwa Dar sina ubishi naye. Ila magari haya hatununui kwa ajili ya foleni ya Ubungo, tunanunua kwa ajili ya milima.

Chukua Lushoto. Kutoka Mombo ni kama kilometa 33 tu, lakini unaliacha joto la tambarare na kufika mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia nzima ni kona, mwamba upande huu, korongo upande ule. Ukiendelea Magamba, Lukozi hadi Mtae, baridi inazidi. Mwezi wa saba watu wanashinda na makoti, na ukungu ukishuka unaona mita chache tu mbele.

Sasa jaza abiria kwenye Land Rover, funga madirisha kwa sababu ya mvua. Pumzi zao zinagusa kioo cha baridi na kugeuka maji. Wipa haisaidii, maana maji yako ndani. Dawa yake ni hewa ya moto na kavu inayopulizwa kwenye kioo, na kazi hiyo ni ya hita. Bila hita, dereva anafuta kioo kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani, kona inakuja. Jamani, hiyo ndiyo anasa tunayoikataa?

Kuna jingine. Hita ni rejeta ndogo. Gari likianza kuchemsha kwenye mpando wa Soni, kufungulia hita mpaka mwisho kunapunguza joto la injini, japo ninyi mtatoka jasho. Na kadiri unavyopanda, maji huchemka mapema. Lushoto, kwenye sufuria ya wazi, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshika presha ni muhimu sana. Kwa bahati mbaya, fundi anayeruka hita mara nyingi hutoa na themostati, eti injini ipoe. Kwenye injini nyingi za Toyota matokeo ni kinyume: bila themostati, maji mengi huzunguka ndani kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta.

Sisemi mipira isiguswe kabisa. Hita ya nyuma ya Land Cruiser, ambayo mabomba yake hupita chini ya bodi yakipigwa na tope hadi yakaoza, unaweza kuiondoa bila hasara kubwa. Hita ya mbele ikivuja, irukwe kwa muda ufike nyumbani, kisha ipelekwe kwa fundi rejeta. Nyingi za zamani ni za shaba na zinaunganishika kwa risasi. Ukipitisha mipira upya, tumia mipira ya hita yenyewe, siyo ya mafuta wala ya kumwagilia bustani. Iweke mbali na bomba la moshi, ifunge isisuguane na bodi, pale inapopenya ukuta wa injini iwekewe raba, na baada ya hapo toa hewa yote kwenye mfumo. Klipu nzuri ni bei ndogo ukilinganisha na silinda hedi iliyopinda.

Kinachonikera ni tabia yetu ya kuamini kwamba kila kitu ambacho Dar hakina kazi, basi nchi nzima hakina kazi. Tanzania si Kariakoo peke yake. Kuna wenzetu Lushoto, Makete na Mbulu wanaoamka kwenye baridi na kupanda magari tuliyoyakata mipira sisi.

Tunauliza breki, tunauliza taa. Siku nyingine kabla ya kupanda Mombo, muulize dereva kama kioo chake kinapulizwa hewa ya moto. Au mnaonaje, wadau?