Pesa inavukaje kutoka mtandao mmoja hadi mwingine?

Kabla ya 2016 nchini Tanzania, pesa ya Tigo haikuingia moja kwa moja kwenye salio la mteja wa Vodacom. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao. Vodacom ilijiunga 2016.

Kuunganisha mifumo kuna hesabu yake. Kampuni nne zikiungana mbilimbili zinahitaji njia sita. Kampuni kumi, njia 45. Ndiyo maana Benki Kuu ilijenga TIPS, kituo cha pamoja ambacho kila benki na kila mtandao huunganishwa mara moja tu.

Ujuzi wa kujenga vituo vya aina hii unapatikana. Tangu 2017 kuna Mojaloop, programu ya malipo ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha bila kulipia. Wataalamu wanaoijenga, kutoka nchi mbalimbali, hukutana kwenye makongamano na kusaidiana mtandaoni pale mmoja anapokwama.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe msikilizaji? Mfumo ukijulikana na mkandarasi mmoja, siku akiondoka na huduma ikigoma, anayeumia ni yule anayesubiri kijijini pesa ya dawa. Wakiujua wengi, wa kuurekebisha hawakosekani.

Tatizo ni kwamba makongamano mengi hufanyika miji mikubwa, tena kwa Kiingereza. Kijana wa wilayani hana nauli, na bando nalo ni ghali. Kwa maoni yetu, taasisi inayomlipia mtaalamu safari imtake akirudi afundishe kwenye vyuo vya mikoani, kwa Kiswahili.