Kabla ya qaraan ya India, wapimwe ndugu

JICHO LA TANA
Na Abdi Maalim

Ujumbe huingia katika makundi ya WhatsApp ya Garissa kwa sura ileile: picha ya kijana aliyekonda, macho ya manjano, namba ya M-Pesa na jina la hospitali fulani ya India. Kufikia Isha ukoo umeshachanga. Qaraan, mchango huu wa ukoo, ni fahari yetu na sitaisema vibaya. Imelea mayatima na kulipa diya tangu enzi ambazo Nairobi haikujua kama tupo. Lakini saratani ya ini ikishasambaa, tunachanga upesi mno na kuchelewa kuuliza.

Ini halipigi kelele. Mtu huendesha lori lake hadi Wajir na kurudi, huku uvimbe unakua, mpaka tumbo linapojaa maji. Wapo wanaopitia kwanza kwa mganga wa moto, wakachomwa kwa sababu ya cagaarshow, yaani umanjano wa macho, wakafika Hospitali ya Rufaa ya Garissa na majeraha mapya juu ya ugonjwa wa zamani. Hapo upasuaji mara nyingi haufai tena, na dawa za saratani hazina mengi ya kuokoa. Ndege ya India haibadilishi hilo. Kinachobadilika ni idadi ya ngamia nyumbani.

Jambo la kwanza basi ni kumuuliza daktari waziwazi: safari hii itamwongezea nini? Na aulizwe mgonjwa akiwepo. Sisi hodari wa kumvuta daktari kando na kumwambia, "Aboowe asijue." Tunaiita huruma. Mimi naona tunamdhulumu. Mtu huyu ana madeni, ana mifugo ya amana iliyochanganyika na yake, ana wasia wa kuandika na watu wa kuombana nao msamaha. Akifichwa, mambo hayo yatakuja kuamuliwa na wengine baada ya matanga, na tunajua yanavyoamuliwa.

Sehemu ya mchango ingenunua nafuu hapa hapa: kutolewa maji tumboni, muuguzi wa kumtembelea, mofini ya maji ya kutuliza maumivu. Mofini inatutisha, wengine wakiiona karibu na haramu. Dharura ina hukumu yake, na masheikh wetu wanaijua.

Sasa nije kwa wale waliokizunguka kitanda, maana ndio nawaandikia. Barani Afrika chanzo kikubwa cha saratani hii ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Sumu ya kuvu kwenye mahindi nayo imo, ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na ikikutana na virusi hivyo hatari huzidi maradufu. Virusi hupita kutoka kwa mama wakati wa kuzaa, au kati ya watoto wadogo wanaolelewa pamoja. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki navyo maisha yote ni kama asilimia 90. Mtu mzima huwa chini ya asilimia 5. Kenya iliingiza chanjo ya virusi hivi katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, tumbo moja na mgonjwa, huenda wamebeba alichobeba yeye na wala hawaumwi.

Tone la damu linatosha kuanza kuwapima. Asiye navyo na asiye na kinga achanjwe, kwa kawaida sindano tatu ndani ya miezi sita. Aliye navyo afuatiliwe ini lake, na akihitaji, kuna vidonge vya tenofovia vya kuvibana virusi. Ukilinganisha na tiketi moja ya ndege, gharama hii ni ndogo.

Najua pingamizi, nimelisikia hata kwenye baraza za wasomi: wakipimwa, mabinti wataolewa na nani? Wataolewa kama wengine. Mume apimwe, achanjwe kabla ya nikaha. Na mimba ikija, mama amweleze mkunga mapema, ili mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, bila kusubiri ile ya wiki ya sita.