Bastola Yangu Imeota Vipele!

Huku kwetu Houston, Texas, joto limetukaba koo. Wengi wenu mkisikia Marekani akili zinakimbilia kwenye baridi na theluji. Wapi! Mji huu una jasho la Februari ya Dar, lile la kukaa kwenye daladala na dirisha limekwama. Na jasho hilo hilo ndilo lililonitia kwenye kasheshe ninayotaka kuwasimulia leo.

Kazi yangu mnaijua, mlinzi wa usiku, tena wa silaha. Huku mlinzi wa silaha lazima awe na leseni ya jimbo, na leseni haiji bila kulenga shabaha mbele ya mkufunzi. Basi siku ilipofika mzee mzima nikasimama na Glock 17 yangu, niliyoinunua kwa hela yangu mwenyewe, mtumba lakini nzima. Risasi za mwanzo zikaenda safi. Baada ya hapo kiganja kikaloa kama nimetoka kufua, na kila nikifyatua bastola inageuka mkononi kama kambale. Risasi moja kushoto, nyingine chini, nyingine mpaka leo sijui iliangukia wapi. Nikafeli!

Mkufunzi akanipa wiki mbili nirudi. Bosi naye hakuuma maneno: hakuna leseni, hakuna zamu. Na zamu zikikatika, ada ya watoto wawili walioko Morogoro ailipe nani?

Nikaenda kumlilia jirani yangu, mzee mmoja wa Kimeksiko, askari magereza mstaafu. Akaishika ile bastola, akaipapasa mpini, akacheka. "Hii imekwisha meno," akasema. "Ichome." Nikadhani ananitania. Niichome? Nimeilipia!

Kumbe wenyewe wana maana yao. Fremu ya Glock, yaani sehemu yote ya chini pamoja na mpini, ni plastiki ngumu ya jamii ya nailoni. Wajerumani wa Heckler & Koch ndio waliotangulia kutoa bastola yenye fremu ya namna hiyo, VP70, mwaka 1970, lakini aliyeitia duniani ni Gaston Glock, Muaustria aliyefariki 2023. Alianza na vitu vya kawaida kabisa, fimbo za mapazia na visu vya jeshi, halafu mwaka 1982 jeshi la Austria likaichukua bastola yake. Plastiki haishiki kutu na ni nyepesi. Ubaya wake ni kwamba mpini wa hizi za zamani ukilowa jasho unateleza. Ndipo watu wakagundua kuwa ukichukua pasi ndogo ya umeme, ile ya fundi redio ya kuunganishia nyaya, ukaigusisha kwenye plastiki, inaacha kashimo chenye ukingo uliovimba. Ukiviweka vishimo mia kadhaa pamoja, mpini unakuwa na vipele kama ngozi ya kenge, na mkono haubanduki.

Mzee akanipa sharti: wiki ya kwanza nisiiguse bastola. Akanitupia magazini mbovu ya plastiki nijifunzie. Ndugu zanguni, msione wenzenu wameweza mkadhani mchezo! Usiku wa kwanza niliikandamiza pasi kama napiga muhuri, plastiki ikachuruzika kama ubuyu. Usiku wa pili nikawa na haraka, vishimo vikawa vikubwa hapa, vidogo kule, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Usiku wa tatu ndipo mkono ulipoelewa. Unagusa, unahesabu moja, unainua. Unahamia pembeni kidogo, unagusa tena. Ncha ikichafuka unaifuta kwenye kitambaa kibichi, maana plastiki iliyoganda kwenye ncha inavuta nyuzi kama mlenda.

Moshi wake nao si wa kuuchekea. Mimi nilianzia jikoni, mama watoto akanitoa mbio na mwiko. Na haki yake, kichwa kiliniuma mpaka asubuhi. Nikahamia gereji, mlango wazi, feni inapuliza moshi uende nje, barakoa puani.

Zamu ya bastola yenyewe ilipofika, mzee alisimama nyuma yangu kama mwalimu wa madrasa. Risasi zote zikabaki chumba kingine. Nikatoa magazini, nikavuta slaidi nyuma, nikachungulia chemba, halafu nikaingiza na kidole, maana jicho huwa linadanganya. Ndipo nikaifungua, slaidi na mtutu vikawekwa kando, kwenye benchi ikabaki fremu tupu. Mbele, chini ya fremu, kuna kibati chenye namba ya silaha. Mzee akakibandika selotepu ya wapaka rangi na kuniambia nisisogeze moto hapo hata kwa bahati mbaya. Kufuta au kuharibu namba hiyo huku ni kosa la serikali kuu, na jela yake haina utani.

Tukachora mpaka kwa penseli, nikaanza kwa kuufuata ule mstari, kisha nikaenda ndani pole pole. Kumbuka mpini ni mtupu kwa ndani, ndimo magazini inamokaa. Ukichoma kwa kina au ukiganda sehemu moja, ukuta unavimba kwa ndani na magazini inakwama. Kwa hiyo kila nikimaliza upande naacha ipoe, natumbukiza magazini tupu, nabonyeza kitufe, naangalia kama inadondoka yenyewe. Jioni nne zilipita hivyo, shingo imekakamaa.

Hapo nikafanya ujinga wangu. Mzee alishaniambia nikimaliza nipitishe msasa laini juu juu. Nikaona msasa wa nini, si nataka ikamate? Nikaivaa kiunoni kazini usiku mmoja tu. Asubuhi shati limetoboka, ubavu una mchubuko kama nimelala juu ya mbuzi ya nazi. Mama watoto alitaka maelezo ya ule mchubuko, na maelezo ya bastola aliyakubali shingo upande. Nikarudi kwenye msasa mbio.

Wiki mbili zikatimia, nikarudi kwa mkufunzi. Safari hii nimefaulu, tena bila kupendelewa. Jasho lilikuwepo vile vile, bastola haikucheza. Lakini niwaambie ukweli: mkufunzi aliniambia nusu ya risasi zangu za kushoto mara ile zililetwa na kidole changu kilichokuwa kinakwapua kifyatulio, na hilo hakuna pasi inayolitibu. Lilinigharimu mazoezi ya kila jioni bila risasi. Tena dukani kuna vifuko vya mpira vya kuvika mpini na stika zenye chenga, dola chache tu, zingenifaa na ningeweza kuzibandua. Bastola iliyochomwa hairudi kama ilivyokuwa, dhamana ya kiwandani sahau, na siku ya kuiuza mnunuzi atakunja pua.

Sasa pasi ninayo, mikono inawasha. Nimeshakitia vipele kishikio cha nyundo yangu na cha bisibisi mbili. Mjomba wangu wa Kilosa amesikia, naye ameniagiza: panga lake lina mpini wa plastiki, wakati wa masika linamponyoka. Nimemwambia alifiche mpaka nije Desemba. Wiki ijayo nitawasimulia mkufunzi alivyonialika nyama choma ya Texas, nikaomba ugali.