Noah yako ikishuka Tabaka usiku, anayekuja mbele anaona nini?

Ukinunua Noah, Voxy ama Sienta siku hizi, wiki haiishi kabla mtu akuulize utafunga taa lini. Stori huanzia kwa kikundi cha WhatsApp, zinaishia Kirinyaga Road pale Nairobi ama kwa fundi wa waya Kisii mjini, na gari linarudi nyumbani likiwa na macho manne. Mengine sita. Wenye bidii zaidi wanaongeza mshipi mzima wa LED juu ya paa. Mwenyewe anapiga picha usiku, anaweka status, na sisi marafiki tunamjazia emoji za moto.

Wacha niseme mapema kwamba mimi si adui wa taa. Mtu anayeendesha usiku kwenye milima ya Gusii, mvua ikinyesha na kona hazina alama, ana sababu nzuri ya kutaka kuona mbali. Ninachopinga ni hizi taa zinazofungwa na swichi yake pekee, zisizojua dimu ni nini. Na ukitaka kuona ubaya wake vizuri, usiangalie Thika Road. Nenda Tabaka.

Kama hupajui Tabaka, basi unajua kazi yake. Kile kifaru cha mawe kwenye meza ya bosi wako, bakuli la kuwekea funguo, seti ya chesi unayoiona Maasai Market, kwa kawaida vilichimbwa na kuchongwa huku Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa huku, imefika hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe letu limepata njia nzuri kuliko wanaolichimba.

Maana ukishaacha barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, ni mlima na mteremko, kona na kona. Ukipita soko, taa za barabarani zimeisha. Na watu wanatembea. Wachimbaji wanatoka machimboni, akina mama wanatoka kupiga mawe msasa, mwanafunzi katumwa dukani, boda kabeba gunia la vinyago lililo pana kuliko pikipiki yenyewe. Hapa kwetu karibu na ikweta jua haliagani na mtu. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado unasoma sura ya jirani, saa moja na robo humjui tena. Hiyo ndiyo saa watu wanarudi nyumbani, na ndiyo saa Noah yako inashuka.

Sasa fanya hesabu na mimi. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gari linakula takribani mita 17 kila sekunde. Mtu akimulikwa taa kali machoni, macho yake hayarudi sawa papo hapo. Tuseme ni sekunde tatu tu, na kwa mzee ni zaidi. Huyo dereva uliyepishana naye amesafiri mita 50 akiwa kama amefumba macho, kwa barabara ambayo pembeni yake kuna watu. Wewe umeona kila kitu. Yeye ndiye atakayemgonga mtu, na wewe utakuwa umeshafika nyumbani unakula. Kesho utasikia kuna msiba kijiji jirani, na haitakujia hata kidogo kwamba ulikuwepo.

Waendao kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa barabarani Kenya. Hilo limesemwa mwaka baada ya mwaka mpaka limezoeleka.

Kabla hujatoa pesa, hebu shuka uangalie taa ulizo nazo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hivyo Noah nyingi zinatua hapa zikiwa na miaka saba hivi, na juu yake tunaongeza miaka yetu mitano, kumi. Kioo cha taa si kioo, ni plastiki, na jua limeifanya kuwa ya manjano kama meno ya mvutaji sigara. Taa inawaka vizuri ndani ila mwanga hautoki. Msasa laini wa maji, dawa ya kung'arisha na jioni moja ya kazi, halafu rudi barabarani usiku uone tofauti. Naamini nusu ya watu wanaotafuta taa za ziada wanatafuta taa zao wenyewe zilizopotea.

Kuna kitu kingine ambacho karibu kila Noah inacho na karibu hakuna anayekigusa. Upande wa usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Hicho kinashusha taa za mbele. Kiliwekwa kwa sababu ukijaza abiria nyuma na mizigo kwa buti, gari linakaa mkao wa mbwa: matako chini, pua juu, na dimu yako inageuka kuwa fulu bila wewe kujua. Tabaka mzigo si mkoba wa nguo, ni mawe! Gunia mbili tatu za vinyago kwa buti na familia ndani, hiyo taa inamulika matawi ya mikaratusi. Zungusha namba iende juu, taa ishuke chini. Ni bure.

Ukishafanya hayo na bado unataka taa za ziada, sawa, tufunge. Lakini tufunge kama watu wazima.

Taa mbili za kawaida za wati 55 zinavuta wati 110. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata zaidi ya ampea 9. Waya na swichi ya taa za gari havikuumbwa kubeba mzigo huo juu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana fundi anayekata waya wa taa ya mbele, akaunganisha hapohapo na kuzungusha tepu nyeusi, anakupikia moto chini ya boneti. Kazi sawa ni hii: waya mnene kutoka betri moja kwa moja, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, kisha rilei, kisha taa. Waya ukipita kwenye tundu la chuma, uvalishwe raba. Barabara ya mawe inatikisa gari kutwa, na chuma kinakula waya polepole bila kelele.

Halafu rilei ipate amri wapi? Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Iunganishwe na waya wa fulu. Ukiwasha fulu, taa za ziada zinaruhusiwa kuwaka. Ukiweka dimu, zinazimika zote pamoja, kwa kidole kimoja, bila kufikiria. Swichi ya ndani ibaki, lakini kazi yake iwe kuzizima kabisa usipozihitaji, isiwe ya kuziwasha ukiwa kwa dimu. Kona za Tabaka hazikupi muda wa kutafuta kitufe gizani huku unabadilisha gia. Gari la mbele linatokea ghafla kileleni, na mkono wako una nafasi ya kufanya jambo moja tu.

Zinazobaki ni taa za ukungu, na hizo ni ukoo mwingine. Zinamulika chini na kwa upana, zinakaa chini kwenye bampa, na zinatumika pamoja na dimu. Ukipita Kericho ama Keroka alfajiri utazihitaji. Ndiyo maana ule mshipi wa juu ya paa unanichekesha: kadiri taa inavyokaribia usawa wa macho yako, ndivyo ukungu na mvua zinavyokurudishia mwanga usoni. Umelipa pesa ujijengee ukuta mweupe. Na ile rangi inayokaribia bluu, wanayokuuzia kama ya kisasa, inachoma macho ya wenzako zaidi ya mwanga wa manjano. Chukua ya manjano, hata kama picha haitoki vizuri.

Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyotengenezewa halojeni nazo ni balaa, kwa sababu kioo cha ndani kilipimwa kwa balbu ya umbo lingine. Mwanga unatawanyika kila upande.

Sheria? Ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake, taa zikiwemo, viwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Lakini tusidanganyane, usiku saa mbili huku ndani hakuna askari wa trafiki wa kukupima taa. Kwa hivyo nakuomba wewe, si askari.

Najua utakachoniambia. "Kila mtu ananiwashia fulu, nisipokuwa na za kujibu nitaonewa." Nimesikia hiyo kwa kila kituo cha matatu. Haya, ukimjibu, sasa ni madereva wawili wasioona wanapishana kwenye barabara nyembamba, na katikati yao pembeni kuna mama na ndoo ya maji. Akikuwashia, punguza mwendo, tazama ukingo wa barabara upande wako wa kushoto, mwache apite. Umeshindwa? Haya, umeshindwa. Noah bado ni nzima.

Desemba inakuja na misafara ya kutoka Nairobi itashuka Narok, Bomet, Sotik mpaka nyumbani, wengi wakiingia usiku kwa sababu walitoka kazini saa kumi. Kama unafunga taa kabla ya safari hiyo, usichukue gari kwa fundi mchana. Nenda jioni. Pakia watu kwa viti vya nyuma kama mtakavyosafiri, mwambie rafiki akae kwenye usukani, wewe tembea hatua hamsini mbele, chuchumaa kidogo ufike usawa wa dereva wa Probox, kisha geuka utazame. Mwambie aweke fulu, halafu dimu. Ukiona hata taa moja ya ziada imebaki inawaka, usimlipe fundi bado.